Fokasi Si Mali ya Lenzi Peke Yake

Kuna imani kuhusu mwanga iliyoota mizizi darasani, ikakaririwa kwenye mitihani, na hadi leo inarudiwa na watu wazima wenye shahada zao. Ina vifungu vitatu. Kwanza, kukusanya mwanga mahali pamoja ni kazi ya lenzi: lenzi ikiwa nzuri, miale itakutana kwenye nukta. Pili, mwanga unaofaa zaidi kwa kazi hiyo ni wa leza, na kadiri mawimbi yake yanavyokwenda pamoja ndivyo matokeo yanavyozidi kuwa mazuri. Tatu, upolarishaji, yaani mwelekeo ambao uga wa umeme wa mwanga unatikisika, ni sura ya pembeni kitabuni inayohusu miwani ya jua, nayo haina neno juu ya ukubwa wa doa la mwanga.

Navikataa vyote vitatu. Doa linalotokea kwenye fokasi huamuliwa na lenzi na mwanga kwa pamoja, na sehemu ya mwanga katika uamuzi huo ni kubwa kuliko tunavyofundishwa. Mambo mawili hubeba sehemu hiyo. La kwanza ni mshikamano wa mawimbi, yaani kiasi ambacho sehemu mbalimbali za upana wa mwale mmoja hupanda na kushuka kwa pamoja. La pili ni upolarishaji. Anayeyaacha kando mambo haya akidhani amerahisisha somo, amelipotosha.

Tuutendee haki upande wa pili. Mchoro wa miale, ule wa mistari inayopita kwenye lenzi na kukutana upande wa pili, una manufaa yake. Fundi wa miwani anauhitaji, na mtengenezaji wa kamera huanzia hapo. Tena wanaoutetea wanajua kwamba nukta ya kweli haipo. George Airy alionyesha mwaka 1835 kwamba hata lenzi isiyo na kasoro hutoa kisahani kidogo chenye pete hafifu, na mwaka 1873 Ernst Abbe, kule Jena, aliweka wazi kwamba ukali wa hadubini una kikomo kinachotegemea urefu wa wimbi na upana wa pembe ambayo lenzi inaweza kupokea. Tatizo ni kwamba watu wengi hufika kwa Airy na Abbe wakatia nanga. Huchukulia kwamba mwanga unaoingia umekwisha kuwa mkamilifu, kazi imebaki ya kioo tu. Dhana hiyo ndiyo ninayoipinga.

Anza na jaribio ambalo kila mtoto amelifanya. Shika lenzi ya kukuzia yenye urefu wa fokasi wa sentimita 10, ielekeze juani, weka karatasi chini yake, isogeze mpaka doa liwe dogo kabisa. Kabla karatasi haijaanza kutoa moshi, pima doa lenyewe: kipenyo chake ni karibu milimita 0.9. Sasa lenzi hiyo ikiwa na upana wa sentimita 5 na imesuguliwa bila dosari, hesabu ya Airy inaahidi doa lisilozidi mikromita 3. Tofauti ni ya zaidi ya mara 300 kwa kipenyo. Lenzi ni ile ile na hesabu ni sahihi. Nani basi amelipanua doa?

Jua lenyewe. Doa lile ni picha ya sahani ya jua, wala halijawahi kuwa nukta. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa hadi likabaki pete ya moto juu ya Rujewa, mkoani Mbeya, lenzi yoyote iliyoelekezwa angani pale ingechora pete kwenye karatasi. Tukiwa hapa duniani tunaliona jua likiwa na upana wa karibu nusu digrii, na kila kipande cha sahani hiyo hutoa mawimbi kwa wakati wake, bila kushauriana na jirani. Mawimbi hayo yakifika kwenye lenzi, sehemu zake hufanana na wapiga makasia wa mtumbwi mmoja ambao kila mmoja ana mdundo wake: nguvu ipo, ila mtumbwi haushiki njia moja. Émile Verdet, Mfaransa, aliligundua hili mwaka 1865. Nuru ya jua inapotufikia huwa imeshikamana ndani ya eneo lenye upana wa sehemu chache za mia za milimita tu. Ukitoka nje ya eneo hilo, umeingia kwenye mdundo mwingine. Lenzi ya sentimita 5 hupokea maelfu kwa maelfu ya vieneo vya namna hiyo, na haina uwezo wa kuvipatanisha.

Hapo mtetezi wa leza husema: umenisaidia, kwani leza ina rangi moja na nguvu nyingi, jua halina. Hoja hii haina mguu wa kusimamia. Weka kichujio cha kijani mbele ya lenzi, kipitishe rangi moja finyu ya nuru ya jua. Doa litafifia, lakini upana wake utabaki milimita 0.9. Rangi haikuwa tatizo. Nguvu nayo haikuwa: leza ndogo ya miliwati 1, iliyobanwa kwenye eneo la mikromita moja ya mraba, hutoa ukali wa wati bilioni moja kwa mita ya mraba, ilhali uso wa jua lenyewe hutoa karibu wati milioni 63 kwa mita ya mraba. Kwa nuru ya jua, hakuna lenzi wala kioo kitakachozalisha hewani ukali unaouzidi uso wa jua, hata ukijenga kioo cha ukubwa wa uwanja wa mpira. Leza ya kuonyeshea ubaoni hupita kikomo hicho kwa zaidi ya mara 10, kwa sababu moja tu: upana wake wote umeshikamana.

Na asidhani mtu kwamba mshikamano huo ni siri ya leza. Mwaka 1920 Albert Michelson na Francis Pease walifunga boriti ya chuma ya karibu mita 6 juu ya darubini kubwa ya Mount Wilson, California, wakaweka vioo viwili juu yake vinavyoweza kusogezwa mbalimbali, wakavielekeza kwenye nyota Betelgeuse. Vioo vikiwa karibu, nuru iliyopita kwenye viwili hivyo ilikutana na kuchora mistari ya giza na mwanga, alama kwamba mawimbi yalikuwa yakienda pamoja. Vilipotenganishwa kwa takriban mita 3, mistari ilitoweka. Betelgeuse ni gesi ya moto kama jua, ina rangi zote zilizochanganyika, haina leza ndani yake. Hata hivyo nuru yake inapotufikia imeshikamana kwa mita kadhaa. Iko mbali mno, kwa hiyo pembe tunayoionea ni finyu mno. Pieter van Cittert mwaka 1934 na Frits Zernike mwaka 1938 waliiweka kanuni hiyo katika hesabu: kadiri chanzo kinavyoonekana chembamba, ndivyo mshikamano wa nuru yake unavyopanuka. Mwanga hupata mshikamano kwa kusafiri. Ndiyo maana darubini iliyo nje ya hewa ya dunia huweza kuikusanya nuru ya nyota hadi kisahani cha Airy, lakini haiwezi kulifanyia jua hivyo.

Kifungu cha kwanza kimeanguka. Wengi wakifika hapa hukimbilia cha pili: basi tutafute mwanga ulioshikamana kikamilifu, hiyo ndiyo dawa ya kila kitu. Kosa hili ni baya kuliko la kwanza, kwa sababu linafanana na hekima.

Mwaka 1978 Edward Collett na Emil Wolf waliuliza hadharani kama mshikamano kamili unahitajika ili kupata mwale unaokwenda moja kwa moja bila kutawanyika. Jibu lao lilikuwa hapana. Chanzo ambacho mshikamano wake ni hafifu kinaweza kutoa mwale wenye mwelekeo ule ule wa leza, mradi ukubwa wake na mpangilio wa mshikamano wake vichaguliwe ipasavyo. Mwaka uliofuata wanafizikia wa Italia walikitengeneza chanzo cha aina hiyo maabara. Bei yake ipo, nami siifichi: mwale huo hauwezi kubanwa kwenye doa dogo kama la leza kamili yenye upana ule ule. Lakini hapo ndipo penye kiini cha ubishi. Nani amesema kila kazi inataka doa dogo kuliko yote?

Ingia maabara ya zahanati yoyote inayopima malaria. Fundi wa maabara akiangalia damu kwa lenzi ya mafuta, ile ya mara 100, huinua kondensa na kufungua dayaframu yake. Mkono wake unapofungua dayaframu, unapunguza mshikamano wa mwanga: nuru sasa inakuja kutoka pembe nyingi. Akiifunga, mshikamano unaongezeka. Kingo za chembe za damu zinakolea na kuzungukwa na mistari ya vivuli isiyokuwamo kwenye damu, na vitu vidogo vilivyokaribiana vinaungana kuwa kimoja. Kwa hesabu ya Abbe, mwanga ulioshikamana na unaokuja wima huweza kutenganisha mistari iliyoachana kwa umbali fulani. Mwanga unaokuja kutoka pembe zote za lenzi huweza kutenganisha mistari iliyo karibu mara mbili zaidi. Mshikamano mdogo umeleta ukali mkubwa. Anayehubiri kwamba mshikamano zaidi ni ubora zaidi na aende akamweleze fundi huyo afunge dayaframu.

Kanuni hii hii ndiyo inayochapa chipu za simu. Mashine zinazotumia mwanga wa nanomita 193, zenye maji kati ya lenzi na sahani ya silikoni, zina uwazi wa namba, yaani kipimo cha upana wa pembe ambayo lenzi inaweza kupokea, wa 1.35. Kwa mwanga ulioshikamana na unaokuja wima, umbali mdogo kabisa kutoka mstari hadi mstari ungekuwa karibu nanomita 143. Kwa kuuleta mwanga kiupande kutoka pembe zilizochaguliwa, umbali huo unakaribia nanomita 72. Wahandisi wa mashine hizo wana kipimo maalumu cha mshikamano na hukirekebisha kwa kila aina ya mchoro. Hakuna hata mmoja wao anayekipeleka kwenye ukamilifu na kukiacha huko.

Na kuna jambo la Livermore, California. Tarehe 5 Desemba 2022, miale 192 ya leza ya National Ignition Facility ilipeleka megajuli 2.05 kwenye shabaha ndogo, na muunganiko wa viini vya haidrojeni ukatoa megajuli 3.15. Mtu angetarajia mafanikio hayo yatokane na leza safi kupita zote. Ukweli ni kwamba wahandisi wa fani hiyo wametumia miongo kadhaa wakitafuta namna ya kuuvuruga mshikamano kwa makusudi. Mwale wenye mshikamano mkubwa, ukishapita kwenye vioo vingi vyenye kasoro ndogondogo, hufika kwenye fokasi ukiwa na madoadoa: hapa joto la kutisha, pale giza. Madoadoa hayo huamsha misukosuko kwenye plazima na kuharibu shabaha. Robert Lehmberg na Stephen Obenschain mwaka 1983, Yoshiaki Kato na wenzake wa Osaka mwaka 1984, kisha watu wa Rochester mwaka 1989, kila kundi lilileta mbinu yake ya kuvunja au kuchanganya mpangilio wa mawimbi ili doa la fokasi lilainike. Walitaka doa pana kiasi, lililo sawa kote, nao wakalipata kwa kuuacha ukamilifu.

Hapo hapo Livermore upolarishaji umo kazini. Mwaka 1819 Augustin Fresnel na François Arago walitangaza kwamba miale miwili ambayo upolarishaji wake umekaa pembe mraba haiingiliani. Haichori mistari ya giza na mwanga, inajumlika tu. Wahandisi wa leza kubwa wanaitumia kanuni hiyo. Katika kila kundi la miale minne, miwili huzungushwa upolarishaji wake, kila jozi ikatoa madoadoa yake, nayo yakikutana yanafidiana. Mafungu mawili ya madoadoa ya namna hiyo yenye nguvu sawa hupunguza tofauti ya giza na mwanga kwa karibu asilimia 29, papo hapo, bila kusubiri. Mtu anayesema upolarishaji hauna la kusema kwenye fokasi na aeleze punguzo hilo limetoka wapi.

Lakini ushahidi mzito zaidi uko kwenye lenzi zenye uwazi mkubwa. Fikiria miale miwili inayokutana kwa pembe mraba ndani ya utando unaochapiwa chipu, mmoja kutoka kushoto, mwingine kutoka kulia. Ikiwa uga wa umeme wa kila mmoja umesimama wima juu ya bapa linalobeba miale yote miwili, nyuga hizo ni sambamba: zinajumlika hapa, zinafutana pale, na mistari inachapika vizuri. Sasa zungusha upolarishaji ili uga wa kila mwale ulale ndani ya bapa hilo. Kwa kuwa uga lazima ukae mraba na njia ya mwale wake, na njia zenyewe ziko mraba, nyuga mbili nazo zimekuwa mraba. Hazina cha kujumlisha wala cha kufuta. Mistari inatoweka kabisa. Lenzi haijaguswa, rangi haijabadilika, mshikamano umebaki kamili, lakini hakuna picha. Ndiyo maana mashine za uwazi wa 1.35 haziendi bila kudhibiti upolarishaji wa mwanga wake.

Bernard Richards na Emil Wolf waliliweka jambo hili katika hesabu kamili mwaka 1959. Mwanga uliopolarishwa kwa mstari mmoja, ukipita kwenye lenzi yenye uwazi mkubwa, hautoi kisahani cha duara alichokieleza Airy. Hutoa doa lililorefuka kuelekea upande wa upolarishaji. Sababu ni kwamba miale ya pembeni huinamishwa sana na lenzi, na inapoinama uga wake nao hulala, sehemu yake ikaelekea mbele badala ya kukaa ubavuni.

Mwaka 2003, kule Erlangen, Ujerumani, Ralf Dorn, Susanne Quabis na Gerd Leuchs waliigeuza kasoro hiyo kuwa nyenzo. Waliandaa mwanga ambao uga wake, kila mahali kwenye upana wa mwale, umeelekea nje kutoka katikati. Lenzi inapoinamisha mwanga huo, sehemu za ubavuni kutoka pande zinazotazamana hufutana kwenye mhimili, na sehemu zinazoelekea mbele hujumlika na kuwa kilele kimoja chembamba. Doa walilolipima lilikuwa na eneo la 0.16 ya mraba wa urefu wa wimbi, ilhali kwa upolarishaji wa mstari eneo ni 0.26. Kisha wakageuza uga uzunguke mhimili badala ya kuelekea nje, na katikati ya fokasi pakawa giza. Kilele cha mwanga na shimo la giza vilipatikana mahali pale pale, tofauti pekee ikiwa upolarishaji.

Shimo hilo la giza si mchezo wa maabara. Hadubini ya Stefan Hell, iliyomfanya ashiriki Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2014, hutegemea mwale wenye umbo la pete: pete huzima mng'ao wa molekuli zilizo pembeni, katikati peke yake pakabaki paking'aa, hivyo kikomo cha Abbe kinarukwa. Hadubini hiyo haifanyi kazi ila katikati ya pete pawe na giza la kweli. Kwa kawaida pete hiyo huundwa kwa mwanga unaosokotwa, wenye upolarishaji wa mviringo. Mviringo ukizunguka kuelekea upande usiofaa, sehemu ya uga inayoelekea mbele inaingia katikati na giza linaharibika.

Najua pingamizi litakaloletwa. Watasema: haya yote ni ya lenzi zilizopita kiasi, kwa lenzi ya kawaida upolarishaji hauonekani. Ni kweli kwamba kwenye lenzi zenye uwazi mdogo doa halibadiliki kwa namna inayoonekana, nami sina ugomvi na fundi wa miwani anayeendelea na mchoro wake. Lakini kazi zinazobeba uchumi wa leo ziko huko huko kwenye uwazi mkubwa: chipu, hadubini za seli, diski za Blu-ray zinazosomwa kwa lenzi ya uwazi wa 0.85. Hata karakana ya kukata chuma haikusalimika. Leza ya kaboni dioksidi iliyopolarishwa kwa mstari hukata vizuri upande mmoja na vibaya upande mwingine, kwani chuma hufyonza mwanga kulingana na mwelekeo wa uga wake. Ndiyo sababu watengenezaji huweka kioo cha kuugeuza upolarishaji kuwa wa mviringo. Nao mshikamano hausubiri lenzi kubwa: upo kwenye kioo cha kukuzia kinachochoma karatasi.

Pingamizi lingine ni kwamba mambo haya mawili yafundishwe mbalimbali, kila moja na sura yake, kwa kuwa hayahusiani. Nalo halisimami. Mwaka 1994 Daniel James alionyesha kwamba kiwango cha upolarishaji wa mwale kinaweza kubadilika mwale unaposafiri kwenye nafasi tupu, bila kukutana na kioo wala gesi, kwa sababu tu ya mshikamano wa chanzo chake. Mwaka 2003 Wolf aliandika nadharia inayoyaunganisha yote mawili. Mshikamano hulinganisha mtikisiko wa mwanga katika sehemu mbili tofauti. Upolarishaji hulinganisha mitikisiko ya pande mbili mahali pamoja. Ni swali moja lililoulizwa kwa namna mbili, na anayelikata vipande anawanyima wanafunzi uhusiano ambao mwanga wenyewe unauheshimu.

Kwa hiyo utaratibu wetu wa kufikiri kuhusu fokasi unapaswa kupinduliwa. Leo mtu huanza kwa kuchagua lenzi, akaongeza leza, akashangaa matokeo. Aanze na anachokitaka kwenye fokasi: doa dogo kupita yote, doa pana lililo sawa, mistari iliyokaribiana, au shimo la giza. Kisha aulize ni kiasi gani cha mshikamano kinacholeta kitu hicho, akijua kwamba jibu mara nyingi litakuwa pungufu ya ukamilifu. Kisha aulize uga wa umeme uelekee wapi katika kila sehemu ya mwale. Akishayajibu hayo ndipo ashike orodha ya lenzi, na atagundua kwamba uamuzi mwingi umekwisha kufanyika kabla mwanga haujagusa kioo.